Georges Méliès: mwana wa fundi viatu aliyeleta Cendrillon kwenye sinema

Hadithi ya Cendrillon iko katika vitabu vingi vya kusoma Kifaransa. Ni msichana anayelala karibu na majivu, anateswa na mama wa kambo, anaenda kwenye karamu ya mwana wa mfalme na kupoteza kiatu saa sita ya usiku. Mfaransa Charles Perrault aliitia katika kitabu mwaka wa 1697. Miaka mia mbili kiisha, mwaka wa 1899, mtu mmoja wa Paris akaigeuza sinema, wakati sinema yenyewe ilikuwa ingali mtoto, haina hata sauti. Mtu huyo ni Georges Méliès.

Tunasimulia maisha yake leo juu mambo yaliyomupata yanaweza kumupata kila mtu anayetengeneza kitu kwa mikono yake. Alifanya filamu zaidi ya 500. Zingine ziliibiwa, zingine zikayeyushwa, zingine akazichoma yeye mwenyewe.

Katika kiwanda cha papa

Georges Méliès alizaliwa Paris tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 1861. Papa yake alikuwa fundi viatu aliyeanza na mikono mitupu, kiisha akafungua kiwanda cha viatu vya bei kubwa. Mama yake alitoka Uholanzi, naye pia ni mtoto wa fundi viatu. Georges alikuwa kitinda mimba kati ya watoto watatu wanaume.

Tangu masomoni alipenda kuchora. Alitaka kuingia katika shule ya sanaa, lakini papa akakataa: mwana wa kiwanda afanye kazi ya kiwanda. Basi Georges akawekwa kuangalia mashine. Kazi hiyo hakuipenda, lakini ilimufundisha chuma, gurudumu na visukurubu, na elimu hiyo ilimusaidia mbele.

Mwaka wa 1884 familia ilimutuma London ajifunze biashara na Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo kila jioni alienda kuangalia waganga wa mazingaombwe, juu mchezo huo hauhitaji maneno. Akarudi Paris na shauku moja tu. Papa alipopumzika mwaka wa 1888, Georges aliuzia ndugu zake fungu lake la kiwanda, na kwa franga hiyo akanunua ukumbi wa mazingaombwe ulioitwa Théâtre Robert-Houdin.

Siku picha zilipotembea

Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1895, ndugu wawili Lumière walionyesha watu wa Paris mashine yao ya picha zinazotembea. Méliès alikuwa kati ya walioalikwa. Akaona palepale kwamba mashine hiyo ni ya ukumbi wake, akatoa franga 10,000 ainunue. Walikataa.

Hakukaa kulia. Alienda London, akanunua mashine ya kuonyesha filamu kwa fundi Robert William Paul, akaifungua, akaigeuza kuwa kamera. Hapo ndipo zile saa za kiwandani zilizaa matunda. Katika mwaka wa 1896 alikuwa tayari anapiga filamu zake mwenyewe. Kompani yake akaiita Star Film.

Siku moja, kwa namna alivyosimulia mwenyewe, alikuwa anapiga picha barabarani mbele ya Opera ya Paris na kamera ikakwama. Akaitengeneza kwa muda mfupi na kuendelea. Alipoangalia filamu, aliona gari la abiria limegeuka ghafla kuwa gari la kubeba maiti. Hakuna uchawi: kamera ilisimama, gari moja likapita, lingine likachukua fasi yake. Kumbe kwa kusimamisha kamera na kubadilisha kitu, unaweza kugeuza chochote kuwa chochote.

Mwaka wa 1897 alijenga studio ya vioo huko Montreuil, pembeni ya Paris, juu wakati ule mwangaza ulikuwa ni wa jua. Vitu vya nyuma vilichorwa kwa rangi ya kijivu tu, maana filamu za wakati ule hazikuweza kusoma rangi vizuri: nyekundu ilitoka nyeusi. Méliès ndiye alikuwa anaandika, anachora, anacheza, na anaongoza wengine.

Cendrillon ya 1899

Filamu nyingi za wakati ule zilikuwa kitu kimoja tu: treni inaingia, watu wanatoka kazini, imekwisha. Méliès akataka kusimulia hadithi nzima. Cendrillon yake iko na sehemu 20, waigizaji kama 35, na inadumu karibu dakika 6. Kwa mwaka wa 1899 hiyo ilikuwa filamu ndefu.

Ndani yake boga linageuka gari la kifalme, panya wanageuka watumishi, nguo za matambara zinageuka gauni. Malaika mwema anayefanya hayo yote alichezwa na Bleuette Bernon, mwimbaji ambaye Méliès alimupata katika baa ya muziki. Kuko pia ndoto ambamo saa zinacheza mbele ya msichana na kumukumbusha kosa lake. Jambo hilo halimo katika kitabu cha Perrault; Méliès ameliongeza.

Kupita kutoka sehemu moja mpaka ingine, hakukata tu. Alifunga jicho la kamera polepole, akarudisha filamu nyuma kidogo, akaanza sehemu mpya kwa kufungua jicho polepole. Hivi picha moja inayeyuka ndani ya nyingine. Yote yalifanyika ndani ya kamera. Ukikosea, unaanza upya.

Kopi zingine zilitiwa rangi kwa mikono, picha moja moja, kwa burashi ndogo. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake wa karakana ya Bibi Elisabeth Thuillier huko Paris, zaidi ya 200. Majina yao hayaonekani kwenye filamu hata moja.

Cendrillon ilipendwa Ulaya na Marekani. Baada yake Méliès alifanya hadithi zingine za watoto, kama ile ya msichana wa kofia nyekundu na ile ya Barbe-bleue, zote mwaka wa 1901. Kiisha ikaja filamu inayojulikana kuliko zote, Safari ya Mwezini, ya 1902, ile ya mwezi wenye uso uliochomwa na roketi kwenye jicho.

Wakati ule watu hawakusikia sauti kutoka kwenye filamu, lakini ukumbi haukuwa kimya. Kulikuwa mpiga piano, na mara nyingi mtu alisimama pembeni kueleza. Huku kwetu Afrika kazi hiyo haijafa: Uganda na Tanzania, mpaka leo kuko watu wanaotafsiri filamu kwa sauti yao na watu wanawafuata kwa jina.

Wengine wanakula, yeye anahesabu

Angalia sasa namna biashara ilivyokwenda. Méliès aliuza filamu zake kwa urefu, mita kwa mita, sawa kitambaa sokoni. Wanunuzi wakubwa walikuwa watu wa maonyesho ya kutembea, waliobeba mashine yao kutoka mji mpaka mji. Ukishanunua, ni yako. Unaweza kuonyesha mara elfu, mtengenezaji hapati kitu tena.

Mbaya zaidi, kompani za Marekani, pamoja na ile ya Thomas Edison, zilitengeneza kopi za Safari ya Mwezini bila ruhusa na kuziuza kama mali yao. Mwaka wa 1903 Georges alituma kaka yake Gaston New York afungue ofisi na kulinda haki. Mlango mmoja ukafungwa, lakini mali nyingi ilikuwa imekwisha kutoka.

Mwaka wa 1908 Edison aliunganisha kompani kubwa katika umoja mmoja. Ili kubaki ndani, Star Film ilipaswa kutoa karibu mita 300 za filamu mpya kila juma. Kwa mtu anayechora kila ukuta kwa mkono wake, huo ni mzigo wa kuvunja mgongo. Mwaka wa 1909 wenye kompani walikutana Paris, Méliès mwenyewe akiwa mwenyekiti, wakapatana kwamba filamu hazitauzwa tena, zitakodishwa. Wateja wake wa kutembea hawakuweza tena kufuata.

Mwaka wa 1911 akakubali franga ya kompani ya Pathé ili aendelee kufanya filamu. Rehani ilikuwa nyumba yake na studio yake. Tena Pathé ilipata haki ya kukata filamu namna inavyotaka. Wachimbaji wa huku Kolwezi wanajua mkataba wa namna hii: anayekupa franga ya kuanza kazi ndiye anayepanga bei mwisho.

Mwaka wa 1912 Méliès alirudi kwa Cendrillon, mara hii katika filamu ndefu ya dakika 54, na sehemu zingine zilipigwa nje, chini ya miti ya kweli. Pathé ikampa Ferdinand Zecca, mshindani wake wa zamani, kazi ya kuikata. Ikabaki dakika 33, na haikuleta faida. Mwisho wa mwaka ule Méliès alivunja mkataba. Wakati uleule Gaston alikuwa anazunguka visiwa vya Pasifiki akipiga filamu, akapoteza franga nyingi, na kompani ikaanguka. Mwaka wa 1913 mke wa Georges, Eugénie, akafariki.

Visigino vya askari

Kiisha vita ya 1914 ikaja. Mwaka wa 1917 jeshi la Ufaransa lilichukua kopi zaidi ya 400 za filamu za Star Film na kuziyeyusha. Kwa nini? Filamu ya zamani iko na madini ndani: picha inakaa kwenye chembe za fedha, ile ya kutengeneza mapambo na sarafu. Jeshi lilitoa fedha, na ile plastiki iliyobaki, seluloidi, ikafanywa visigino vya viatu vya askari. Papa yake alijenga mali kwa viatu. Mali ya mwana ikaishia chini ya viatu.

Sheria ya vita ilizuia wadai kuchukua nyumba, kwa hiyo Pathé ilingoja. Mwaka wa 1923 haikungoja tena. Montreuil ikaenda. Mwaka uleule Théâtre Robert-Houdin ikabomolewa juu ya kupanua barabara. Méliès hakuwa na fasi ya kuweka filamu za asili, zile za kutolea kopi. Kwa hasira na uchungu, akazichoma.

Muuza michezo ya watoto

Alikuwa na miaka 64 alipooa tena, mwaka wa 1925. Mke mpya ni Jehanne d'Alcy, aliyecheza katika filamu zake tangu mwanzo. Bibi huyo alikuwa na kibanda cha pipi na michezo ya watoto katika stesheni ya treni ya Montparnasse. Méliès akakaa mle kila siku, baridi na joto, akiuzia watoto wa wasafiri. Wengi walidhani mtu wa Safari ya Mwezini alikwisha kufa.

Waandishi wa magazeti ya sinema ndio walimutambua. Kiisha kukapatikana sanduku za filamu zake katika nyumba moja ya mashamba, na tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili 1929 zikaonyeshwa katika ukumbi mkubwa wa Salle Pleyel huko Paris, watu wakasimama kumupigia makofi. Mwaka wa 1931 alipewa nishani ya Légion d'honneur, na aliyemuvalisha ni Louis Lumière, mmoja wa wale ndugu ambao mashine yao alikataliwa. Lakini nishani hailipi kodi ya nyumba. Mwaka wa 1932 chama cha watu wa sinema kikamupa makao huko Orly, pamoja na mke wake na mjukuu wake Madeleine.

Alifariki kwa kansa Paris tarehe 21 mwezi wa kwanza 1938. Mji wetu wa Kolwezi, ulioanzishwa 1937, ulikuwa ndiyo kwanza unajengwa kando ya migodi ya Union Minière.

Kilichobaki

Yule mjukuu, Madeleine, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta filamu za babu yake. Leo karibu 200 zimepatikana. Nyingi ziliokoka kwa sababu kopi zilikuwa zimesambaa kwa watu wa nchi mbalimbali, hata zile zilizoibiwa. Kopi ya rangi ya Safari ya Mwezini ilijitokeza Hispania mwaka wa 1993, imeharibika na kugandamana; matengenezo yake yalikwisha mwaka wa 2011.

Katika kambi za zamani za Union Minière na Gécamines, filamu zilionyeshwa kwa wafanyakazi na familia zao miaka mingi, na picha zilipigwa kazini, kwenye sikukuu na kwenye michezo. Zingine zingali katika sanduku za wazee wetu. Kabla ya kuhama ao kufagia nyumba, fungua sanduku kwanza, muulize mzee ni nani huyo kwenye picha, andika jina nyuma yake, kiisha toa kopi umupe ndugu anayekaa mji mwingine.

Cendrillon ya 1899 nayo iko kwenye intaneti bila kulipa. Dakika sita hazili mega nyingi. Kama watoto hawaelewi Kifaransa si neno, haina maneno; kaa nao, uwaelezee wewe.