ABUNUWASI: MALENGA WA BAGHDAD

Mtaje Abunuwasi mbele ya mtoto ye yote wa pwani yetu, toka Lamu hadi Vanga, naye atacheka kabla hujasema neno la pili. Atakueleza habari za sufuria iliyozaa, na jinsi jirani mwenye tamaa alivyokosa la kujibu alipoambiwa kuwa sufuria hiyo imekufa. Hayo ni mapenzi makubwa kwa mtu aliyefariki miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Lakini mimi, kwa kuwa ushairi ndiyo kazi yangu, naona tumemdhulumu: tumelichukua jina lake, tukaiacha kazi yake.

Abu Nuwas wa kweli aliitwa Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahwaz, katika nchi ya Uajemi, yapata mwaka 757. Baba yake alikuwa askari wa Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya huko Sham. Mama yake alikuwa Mwajemi. Akalelewa Basra, akahifadhi Kurani, akasoma Hadithi na nahau. Husimuliwa kuwa alipomwomba mwalimu wake, Khalaf al-Ahmar, ruhusa ya kutunga, aliamriwa ahifadhi kwanza mashairi elfu ya wahenga. Alipokwisha, akaamriwa ayasahau yote, ndipo atunge yake. Vijana wanaoniletea tungo zao na waizingatie hadithi hiyo.

Akaenda Baghdad zama za Harun al-Rashid, aliyetawala tangu 786 hadi 809. Desturi ya washairi wakati huo ilikuwa kufungua kasida kwa kulilia mahame ya jangwani. Abu Nuwas aliwacheka. Yeye alikuwa mtu wa mjini, naye akafungua kwa alichokiona mjini: mvinyo wa zabibu.

Msomaji asikunje uso. Mvinyo ni haramu, naye alilijua hilo kuliko wengi, maana Kurani ilikuwa kifuani mwake. Lakini tazama alivyoitumia lugha. Huanza na balasi lililozibwa miaka mingi katika nyumba za watawa wa Kikristo au za wauzaji wa Kiyahudi. Hutaja rangi, ing'aayo mithili ya jicho la jogoo. Kisha harufu, kama miski au tofaa. Kisha umri wake. Vitafunio vya baraza hizo vilikuwa lozi na matunda. Na kwa kuwa mvinyo huo ulikuwa mkali, ulichanganywa na maji, na maji yakigusa, mapovu madogo huruka juu. Hapo ndipo alipotunga mfano wake mashuhuri, akiyalinganisha mapovu na lulu juu ya ardhi ya dhahabu. Wanachuoni wa nahau wakamkosoa kwa kuwa maneno mawili, yenye maana ya ndogo na kubwa, hakuyatia alif-lam. Mabishano hayo yamo vitabuni hadi leo, na ubeti haukufa.

Ulimi huo ulimtia taabuni. Harun alimfunga kwa kuwatukana Waarabu wa kaskazini. Harun alipokufa, mwanawe al-Amin akamfanya mwenzi wa barazani. Lakini ndugu yake al-Ma'mun, aliyekuwa Khurasani, akaifanya sifa ya mshairi huyo kuwa silaha ya kumwaibisha khalifa mbele ya watu. Al-Amin akampiga marufuku mvinyo, akamfunga. Mwaka 813 al-Amin akauawa, na Abu Nuwas akamlilia kwa mashairi ya majonzi. Muda mfupi baadaye naye akafariki.

Ameacha pia mashairi ya zuhudi. Husimuliwa kwamba alipokufa zilikutwa chini ya mto wake beti za toba, akikiri wingi wa dhambi zake na kutegemea ukubwa wa rehema ya Mola. Mimi huziona hizo kuwa nzito kuliko zile za mvinyo, kwa kuwa ni za mtu aliyejua alichokuwa akikiacha.

Baghdad ilimsimamishia sanamu mwaka 1972, katika barabara yenye jina lake kando ya Mto Tigris. Sisi hatuhitaji sanamu. Utakapomsimulia mwanao habari za sufuria, mwambie pia kuwa mwenye jina hilo alikuwa hafidhi, mjuzi wa lugha, mkosefu na mwenye kutubu. Mwenyezi Mungu amrehemu.