Mchekeshaji Aliyepakwa Uzungu

Marehemu Godfrey Cambridge alizaliwa New York tarehe 26 Februari 1933. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Guyana, wakati huo koloni la Mwingereza. Hawakuzipenda shule za Harlem, wakampeleka kwa babu na nyanya yake huko Nova Scotia, Kanada. Kwa hiyo alizaliwa nchi moja, akalelewa nchi nyingine, na asili yake ni nchi ya tatu. Huenda ndiyo sababu hakuchoka kuwacheka watu wanaodhani rangi ya ngozi ndiyo hati ya uraia.

Alisoma chuo akitaka kuwa daktari, akaacha na kuingia uigizaji. Njaa ilimfundisha mengi. Aliwahi hata kuendesha teksi. Mwaka 1961 alitunukiwa zawadi ya Obie kwa mchezo wa Mfaransa Jean Genet uitwao The Blacks. Humo mtu mweusi huvaa kinyago na kugeuka mwanamke wa Kizungu, na mtu huyo alikuwa yeye.

Lakini kazi ambayo haijasahaulika ni sinema ya Watermelon Man ya mwaka 1970. Tikiti maji, msomaji akumbuke, ni tunda ambalo Wazungu wa Marekani walilitumia kuwadhihaki weusi. Jeff Gerber ni Mzungu muuza bima, mwenye mke, watoto wawili na nyumba nzuri. Hucheka weusi mchana kutwa. Usiku mmoja anaamka, anatazama kioo, na kumbe amekuwa mweusi! Analaumu taa anayootea ili ngozi ipate rangi ya jua. Anaoga maziwa. Wapi!

Kampuni ya Columbia ilitaka Mzungu apakwe weusi. Mwelekezi Melvin Van Peebles alikataa, akataka mweusi apakwe weupe. Ndipo Cambridge akapata kazi hiyo. Kampuni ilitaka pia mambo yote yaishe kuwa ndoto tu, Gerber arudie Uzungu wake. Hilo nalo mwelekezi hakulikubali, na kwa maoni yangu alifanya vyema, maana hakuna mweusi aliyeamka asubuhi akakuta ubaguzi ulikuwa ndoto.

Kila asubuhi Gerber hushindana mbio na basi, na majirani humcheka kwa mapenzi. Akiwa mweusi anakimbia vile vile, polisi wanamkamata: bila shaka ameiba kitu. Majirani wale wale wanataka kuinunua nyumba yake ili ahame, naye anawapandishia bei hadi dola 100,000. Mke anaondoka na watoto. Hapo kicheko kinakauka kooni.

Mwaka 1976 Cambridge alipewa kazi ya kuigiza Idi Amin katika filamu ya televisheni juu ya Waisraeli waliovamia Entebbe mwezi wa Julai. Huyo ndiye aliyewafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, wakiwamo waliozaliwa papo hapo Kampala na Jinja. Tarehe 29 Novemba, kazi ikiendelea huko Burbank, California, Cambridge alianguka na kufa kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka 43. Ilisemekana Amin alikiita kifo hicho adhabu ya Mungu. Julius Harris alishika nafasi yake, na filamu ikaonyeshwa mwezi uliofuata.