Don Bosco: kitanda cha kwanza kilikuwa jikoni

Goma, Bukavu ao Lubumbashi, jina la Don Bosco linajulikana na wengi kuliko maisha yake. Watu wanalisoma kwenye kibao cha shule, kwenye kituo cha watoto, kwenye uwanja wa mpira. Mwenyewe hakukanyaga Afrika hata siku moja. Lakini shida aliyopambana nayo inajulikana sana hapa: kijana hana kwao, hana kazi, na usiku unaingia.

Giovanni Bosco alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 8 mwaka 1815 kule Becchi, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Torino, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka 2. Mama yake Margherita, mjane asiyejua kusoma, akabaki na watoto na njaa ya miaka ile. Giovanni alitaka masomo, kaka yake mkubwa Antonio akataka jembe. Ugomvi ukazidi nyumbani, mpaka mama akamutuma kijana akafanye kazi kwa watu. Karibu miaka 2, tangu 1828, alikuwa boi wa shamba kwa familia ya Moglia. Kwa hiyo yeye mwenyewe alijua mapema maana ya kulala kwa watu.

Kisha akasoma mji wa Chieri, akijilipia kwa kazi za mikono: kushona, kuhudumia katika duka la kahawa. Mwaka 1841 akapewa upadiri.

Torino ya wakati ule ilikuwa inajengwa mbio. Vijana walishuka kutoka milimani kutafuta kazi ya kubeba mawe, kupaka chokaa, kusafisha madohani. Wengine walikuwa na miaka 10 ao 12 tu. Kazi ikiisha, walibaki barabarani. Padiri Bosco alipotembelea magereza, akakuta humo vijana wadogo wenye afya na akili. Kilichomuumiza zaidi ni kuona wanatoka, kisha wanarudi. Walirudi juu hakuna mtu aliyewangojea inje.

Tangu mwisho wa 1841 akaanza kuwakusanya siku ya Yesu: sala, mafundisho, michezo, na mkate ukipatikana. Kelele yao iliwachosha majirani. Wakafukuzwa mahali pamoja kisha pengine, mpaka Pasaka ya 1846, walipopata banda la Bwana Pinardi katika kartye ya Valdocco. Miezi michache mbele, Bosco akagonjwa karibu kufa. Alipopona, alirudi Torino pamoja na mama yake, kwa miguu. Margherita alikuwa na miaka 58, na aliacha nyumba yake kwa ajili ya watoto asiowazaa.

Lakini siku ya Yesu ikiisha, vijana walienda kulala wapi? Swali hilo ndilo lilileta nyumba. Usiku mmoja Bosco akakuta kundi la vijana wasio na pa kulala, akawapeleka kwake, akawapa majani makavu, shuka na blanketi. Asubuhi hakukuta mtu. Shuka na blanketi pia hazikuwepo.

Wengi wangefunga mlango siku ile ile. Mwezi wa 5 wa 1847, mvua ikinyesha usiku, yatima wa miaka kama 15 akabisha, nguo zimelowa. Alitoka Valsesia kutafuta kazi ya ujenzi, na pesa kidogo aliyokuja nayo ilikuwa imeisha. Mama Margherita aliwaza masufuria yake, lakini akamulisha, akamukausha, kisha akapanga matofali na mbao jikoni: ndio kitanda. Mbele ya kulala, akamuambia maneno machache juu ya kazi na uaminifu. Jikoni ikafungwa, kwa tahadhari. Wakatumika akili na huruma pamoja.

Baada ya yule akaja mwingine, kisha wengine. Mama akauza vitu vyake vya arusi. Siku moja, watoto walipokanyaga bustani yake ya mboga, alichoka kabisa akataka kurudi kijijini. Akabaki, mpaka kifo chake mwaka 1856.

Bosco aliona kwamba kitanda peke yake hakitoshi. Mwanzo, vijana walilala kwake na kufanya kazi mjini, na jioni walisoma kuandika na hesabu. Lakini mabwana wa kazi waliwapiga, ao wakawafanya maboi wa nyumba pahali pa kuwafundisha. Tangu 1851 akaanza kufanya kontra za maandishi: bwana anasaini, kijana anasaini, na padiri anasaini kama shahidi na mlinzi. Ndani mliandikwa malipo, siku ya kupumzika, ufundi utakaofundishwa, na katazo la kupiga. Kwa mtoto wa barabara, karatasi ile ilikuwa sawa na kuwa na baba.

Mwaka 1853 akafungua atelie zake mwenyewe: viatu na ushonaji. Zikafuata kufunga vitabu, useremala, uchapishaji na uhunzi. Nyumba ilikusudiwa kuwa daraja: kijana anaingia bila kitu, anatoka na ufundi na mtu wa kumushuhudia. Na fimbo haikukubaliwa. Mlezi alipaswa kukaa kati ya vijana, kucheza nao, kuona kosa likikuja mbele halijafanyika.

Mwaka 1859 alianzisha shirika la Wasalesiani, wengi wao vijana aliowalea. Alikufa tarehe 31 mwezi wa 1, 1888. Mwaka 1911 wafuasi wake wakafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na kufungua shule. Goma, kituo cha Ngangi kimepokea watoto wasio na familia na wakimbizi wa vita.

Mtoto anayeitwa maibobo leo, yeye pia anaomba mahali pa kulala kwanza. Historia ya Valdocco inaonyesha kinachopaswa kufuata asubuhi: ufundi, karatasi yenye saini, na mtu mzima asiyefunga mlango juu ya blanketi zilizoibiwa.