Khan Abdul Ghaffar Khan: Mwenye Subira Mbele ya Bunduki

Katika darasa zetu huulizwa mara nyingi: je, Muislamu aliyedhulumiwa yafaa atoke barabarani pamoja na wenziwe, waidhihirishe dhulma ile mbele ya watu, ilhali polisi wamekataza? Wako wanaojibu upesi kwamba hiyo ni fitna, na wako wanaojibu upesi kwamba ni haki, ijapokuwa maduka ya watu yatavunjwa. Sisi twaona majibu yote mawili yana upungufu. Basi tumependelea kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelipitia jambo hili kwa mwili wake, tena chini ya serikali mbili: moja ya wageni, na moja ya Waislamu wenziwe.

Mtu huyo ni Khan Abdul Ghaffar Khan, ambaye watu wake walimwita Badshah Khan. Alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Utmanzai, upande wa Peshawar, katika nchi ya Wapathani iliyo mpakani mwa Bara Hindi na Afghanistan. Baba yake, Behram Khan, alikuwa mwenye ardhi na mtu wa heshima. Wapathani ni Waislamu, mashujaa na wakarimu, lakini zama zile walikuwa wakitafunwa na maradhi mawili: ujinga na kisasi. Mtu akiuawa, jamaa zake hulipiza; kisasi hicho huzaa kingine, hata ikawa watoto hurithi damu kama wanavyorithi mashamba.

Kijana huyu aliona kwamba dawa ya kwanza ni elimu. Mwaka 1910 alifungua skuli kijijini kwao, kisha akazunguka vijiji akiwahimiza wazee wawasomeshe watoto wao. Serikali ya Kiingereza haikupendezwa naye. Mwaka 1919 ilipotoka sheria ya Rowlatt, iliyowapa wakubwa uwezo wa kumweka mtu kifungoni bila ya kumhukumu, aliwakusanya watu Utmanzai kuipinga. Akakamatwa na kutiwa minyororo ya miguu. Alikuwa mtu wa pande kubwa la mwili, na minyororo ile ilikuwa midogo, ikamkata mpaka akatoka damu.

Alipofunguliwa alirudia kazi yake. Mkubwa wa serikali akamwita Behram Khan, akamtaka amkataze mwanawe kuzifungua skuli zile. Mzee alikwenda kumshauri mwana. Mwana akamjibu kwa adabu kwa kumuuliza: lau watu wote wangeacha kusali, je, angemwamrisha yeye naye aache? Mzee akasema hasha. Basi mwana akambainishia kwamba kuwasomesha watu nayo ni faradhi kama hiyo. Mzee akaridhika, akampelekea yule mkubwa jibu la kukataa. Kwa sababu hiyo Abdul Ghaffar alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1921, akafungwa miaka 3.

Mwaka 1929 aliunda jamii iliyoitwa Khudai Khidmatgar, maana yake Watumishi wa Mungu. Kila aliyeingia aliapa kumtumikia Mwenyezi Mungu kwa kuwatumikia viumbe vyake, kuacha kisasi, na kumsamehe aliyemdhulumu. Walifagia vijiji, wakajenga, wakasomesha. Nguo zao nyeupe zilikuwa zikichafuka upesi, wakazitia rangi nyekundu. Ndipo wakajulikana kwa mashati yao mekundu. Walipanga safu kama askari, lakini hawakubeba silaha. Na hawa walikuwa watu waliokulia bunduki begani! Abdul Ghaffar aliwafunza kwamba subira ndiyo silaha aliyoishika Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa Makka, na kwamba hapana polisi wala jeshi awezaye kusimama mbele yake.

Mtihani haukukawia. Tarehe 23 Aprili 1930 alikamatwa akiwa njiani kwenda Peshawar. Siku ile ile viongozi wengine walikamatwa ndani ya mji, na watu wakakusanyika katika soko la Qissa Khwani, karibu na kituo cha polisi. Serikali ikaleta magari ya deraya. Magari yale yakaingia katika umati na kuwakanyaga watu. Askari mmoja wa pikipiki naye akafa katika msukosuko ule, na gari moja likatiwa moto. Watu walikuwa tayari kutawanyika wakiachiwa kuwaokota maiti na majeruhi wao, na askari nao wakiondoka. Hawakukubaliwa. Bunduki zikalia, na waliosimama mbele walipoanguka, wengine wakaja kusimama mahali pao. Serikali ilitaja maiti wachache; wenyeji wakataja mamia.

Katika siku hizo hizo askari wa kikosi cha Garhwal, nao ni Wahindu, waliamrishwa kuwapiga risasi Waislamu wale wasio na silaha, wakakataa. Wakapelekwa mbele ya mahkama ya kijeshi, na Chandra Singh, aliyekuwa kiongozi wao, akahukumiwa kifungo cha maisha. Na wazingatie wasomaji wetu: lau watu wa Peshawar wangalikuwa na bunduki mikononi, askari wale wangalipata udhuru wa kupiga. Mikono mitupu ndiyo iliyowaondolea udhuru huo. Serikali ilidhani itaimaliza jamii ile. Kumbe haikupita miezi mingi ila wafuasi wake walikuwa makumi ya maelfu.

Sasa twaja kwenye sehemu ya khabari hii ambayo wengi wetu hupenda kuiruka. Abdul Ghaffar hakupenda Bara Hindi ligawanywe. Hatukusudii kumtetea katika kila rai yake ya siasa. Katika jambo hilo Waislamu wengi walimkhalifu. Lakini Pakistan iliposimama mwaka 1947 aliikubali, na mwaka 1948 alikula kiapo cha utiifu katika baraza lake la kutunga katiba. Juu ya hayo, mwezi wa Juni mwaka huo huo alitiwa kifungoni. Jimbo likatoa amri ya kuwazuia watu bila ya kuwahukumu, kama ile ile aliyoipinga mwaka 1919. Tarehe 12 Agosti 1948, zikiwa zimesalia siku 2 Pakistan itimize mwaka wake wa kwanza, wafuasi wake walikusanyika Babrra, karibu na Charsadda, kulalamikia mambo hayo. Polisi wakawapiga risasi. Serikali ilitaja maiti 15 hivi. Wenyewe wakasema ni mamia. Waliopiga walikuwa Waislamu, na waliopigwa walikuwa Waislamu.

Abdul Ghaffar aliendelea kuingia na kutoka jela mpaka uzeeni. Mwaka 1964 alitoka nchini kwa ajili ya matibabu, kisha akakaa Afghanistan mpaka mwaka 1972. Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988, akazikwa Jalalabad kama alivyousia. Hakupata kuwaamrisha wafuasi wake kulipiza.

Mazingatio yetu ni haya. Kwanza, dhulma haibadiliki kwa kubadilika jina la mwenye kuitenda. Tunaolaani yaliyotendeka Qissa Khwani na kunyamazia ya Babrra, hatutetei haki. Twatetea kabila na kundi. Pili, polisi wana kazi yao ya halali: kulinda njia, maduka na roho za watu. Lakini anayelalamikiwa akiwa ndiye mwenye kutoa ruhusa ya kulalamika, ruhusa hiyo huwa kufuli. Waingereza walizieneza sheria za namna hiyo katika milki zao. Hapa kwetu Kenya, sheria ya mwaka 1950 ilitaka mkutano wa hadhara upate idhini, na haikubadilishwa mpaka mwaka 1997, ikawa yatosha kuwaarifu polisi siku 3 kabla. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila ya silaha. Basi askari anayepokea taarifa ile ni mlinzi wa njia, si mwenye njia.

Tatu, na hili ni letu wenyewe. Mwenye kutoka kudai haki kisha akavunja duka la maskini mwenziwe, ameshaiacha haki nyumbani. Nasi tunaopanda mimbari tulizoea kuwaambia vijana wakae nyumbani tu, tukaona tumetimiza wajibu. Hatukutimiza. Wajibu wetu ni kuwafunza nidhamu ya watumishi wale, kisha tutoke pamoja nao.

Mwenyezi Mungu amrehemu, awarehemu waliokufa Peshawar na Babrra, na atujaalie kuichukia dhulma kutoka kwa yeyote. Amin.