Mutisya Munge: Mkamba aliyebeba mzigo wa farasi

Mwezi uliopita nilialikwa arusi Kitui. Tulitoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, tukaswali adhuhuri Kibwezi, kaunti ya Makueni, kisha tukashika barabara ya Ikutha na Mutomo. Siku ya kurudi nilimwomba dereva tupitie njia ya Machakos ili nikaone Wamunyu. Nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja ambaye sisi wa pwani tunakula matunda ya kazi yake bila kulijua jina lake.

Mtu huyo ni Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wakamba walikuwa tayari mafundi wa mbao, ila walichonga vya kutumia: vigoda, miko, bakora, mizinga ya nyuki. Sanamu za kuuza hazikuwa kazi yao.

Vita vilipofika huku kwetu, majeshi ya kizungu yalitegemea farasi na nyumbu. Mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini waliingia Tanganyika ya Wajerumani, na wanyama wao wakafa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Farasi akishakufa, mzigo wake abebe nani? Akabebeshwa binadamu. Ndiyo Kariakoo hiyo, jina lililobaki Dar es Salaam na Nairobi hadi leo. Wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi wao kwa maradhi na njaa. Baba wa babu yangu alichukuliwa hapa pwani akabebe, na hakurudi. Kaburi lake hatulijui.

Mutisya naye alichukuliwa, lakini yeye Mungu alimrudisha. Huko Tanganyika alikutana na Wazaramo waliokuwa wakichonga mpingo, akakaa nao akajifunza. Vita vilipokwisha 1918 alirejea Wamunyu na ujuzi huo. Akachonga, akauza, akafundisha jamaa zake, na jamaa wakafundisha majirani. Kufikia miaka ya 1950 wachongaji wa Ukambani walikuwa mamia, na wachuuzi wao walifika Uganda, Kongo na Afrika Kusini.

Sisi tunaijua kazi hiyo kupitia Changamwe, ambako Wakamba waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963. Twiga, ndovu, paa na simba wanaouziwa watalii Mombasa wametoka mikononi mwao. Nimepita pale mara nyingi, na sikumbuki kumwona farasi.

Ulaya mambo ni mengine. Mjini kwao jemadari huwekwa juu ya farasi wa shaba, jina lake chini. Mtaliano Marino Marini, aliyefariki 1980, alichonga farasi na mpanda farasi kwa miaka mingi, na kadiri miaka ilivyokwenda mpandaji wake alionekana akianguka. Sisi tuna zile sanamu za shaba za barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa. Ni za askari na wapagazi, wote kwa miguu, na hakuna hata mmoja mwenye jina.

Najua msomaji wangu atauliza: Muislamu anasifu vipi mchonga sanamu? Nyumbani kwangu sanamu ya kiumbe haimo, na mafundi wetu wa milango ya Lamu walichonga maua kwa sababu hiyo hiyo. Siwaombi mnunue twiga. Naomba tumtaje mtu kwa haki yake. Mutisya alitolewa kwao afanywe mnyama wa mizigo, akarudi na kazi iliyolisha familia, na kwa miaka mingi familia hizo zimekuwa majirani zetu. Bado tunawaita watu wa bara, kana kwamba wameshuka jana.

Jambo la pili ni miti. Mpingo na muhuhu vimepungua sana, na wachongaji wengi sasa hutumia mwarobaini, ambao unaota hata uani kwetu. Mwenye shamba Kilifi au Kwale apande, kisha awauzie kihalali. Huo utakuwa ujirani mwema.

Likizo ijayo, inshallah, nitawapeleka wanangu Changamwe. Nitawaambia jina la Mutisya Munge, kisha nitawaambia jina la babu yao aliyepotea.