Claudius: Kaisari Aliyeitwa Mpumbavu

Leo tunawaletea askari wa jeshi na polisi habari za Claudius, Kaisari wa Roma, ambaye jamaa zake mwenyewe walimhesabu kuwa mpumbavu kwa karibu miaka 50.

Alizaliwa mwaka wa 10 kabla ya Kristo katika mji wa Lyon, ulioko Ufaransa ya leo. Alichechemea, alikuwa na kigugumizi, na kichwa chake kilitikisika. Mama yake alipotaka kueleza ujinga wa mtu, alimlinganisha na mwanawe huyo. Jamaa wakamnyima vyeo na kumwonea haya. Yeye akashika vitabu, akaandika historia ya mataifa ya kale.

Mwaka wa 37 utawala ulimwangukia Caligula, mtoto wa kaka yake, mtu mkatili na mwenye dhihaka. Alimcheka Chaerea, ofisa wa kikosi cha ulinzi, kwa sababu ya sauti yake, akawa anampa maneno ya siri ya zamu yaliyojaa matusi. Tarehe 24 Januari, 41, Chaerea na wenzake walimwua. Askari mmoja akamkuta Claudius amejificha nyuma ya pazia. Wakampeleka kambini na kumfanya Kaisari. Naye akawalipa fedha nyingi. Hilo hatulisifu, kwani utii ulionunuliwa uliiletea Roma misiba siku za baadaye.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka wa 43 majeshi ya Claudius yalivuka bahari na kuanza kuiteka Uingereza, kazi ambayo Julius Caesar hakuikamilisha. Alijenga bandari karibu na Ostia, na mwaka wa 52 akamaliza mfereji mkubwa wa kuleta maji mjini Roma. Askari wa kigeni waliotumikia miaka 25 walipewa uraia, na hati zao zikachorwa katika shaba.

Hata hivyo, hatusemi kwamba hakuwa na kosa. Aliwaua wengi kwa hukumu za haraka. Mwaka wa 50, akimsikiliza mkewe Agrippina, alimfanya Nero kuwa mwanawe na kumtanguliza mbele ya Britannicus, mtoto wake wa kumzaa. Alikufa mwaka wa 54, na waandishi wengi wa kale wanasema kwa sumu. Mwaka uliofuata Britannicus naye akafa. Basi upumbavu wa Claudius, kama ulikuwapo, haukuwa katika ulimi wala mguu, mahali walipopachekea watu.

Askari hukutana na watu wa kila namna. Mtu anayekwama kusema mbele ya meza ya kituo si lazima awe mjinga wala mwongo. Kuruta anayechelewa kujibu huenda anafikiri. Na mkubwa anayewacheka walio chini yake na akumbuke mwisho wa Caligula.