Sammy Marks: Tajiri wa pombe aliyejenga viwanda vya Transvaal

Mtaa wa Berea mjini Johannesburg unatambulika kwa mbali kutokana na Ponte, jengo la mviringo lenye ghorofa 54. Wakazi wake wengi ni wageni waliotoka Zimbabwe, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na nchi nyingine za Afrika kutafuta riziki.

Kabla yao, Berea na mitaa jirani ya Hillbrow na Yeoville ilikuwa makazi ya wageni wa aina nyingine: familia za Kiyahudi ambazo asili yao ni Lithuania. Aliyewatangulia wengi wao katika safari hiyo ndefu, na ambaye utajiri wake ulikuwa simulizi hata katika vijiji walivyotoka, ni Samuel Marks, aliyejulikana zaidi kwa jina la Sammy.

Marks anakumbukwa kwa makaa ya mawe, kwa chuma na kwa urafiki wake na Rais Paul Kruger. Lakini msingi wa shughuli zake huko Transvaal ulikuwa kiwanda cha pombe kali, na athari za kiwanda hicho zilienea mbali kuliko mapipa yake.

Mchuuzi wa visu

Alizaliwa mwaka 1844 katika mji mdogo wa Neustadt, Lithuania, wakati huo ikiwa sehemu ya himaya ya Urusi. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Akiwa kijana alihamia Sheffield, Uingereza, mji maarufu kwa visu na vyombo vya chuma.

Mwaka 1868 aliwasili Cape akiwa na sanduku la visu alilopewa na mfanyabiashara wa Sheffield, Tobias Guttmann. Alizunguka mashambani akichuuza bidhaa hizo, kisha akaungana na binamu yake, Isaac Lewis, kuanzisha kampuni ya Lewis na Marks. Almasi ya Kimberley iliwapa mtaji. Baadaye, mwaka 1884, Marks alimwoa Bertha, binti wa Guttmann yule yule.

Mwaka 1881 alihamia Pretoria, mji mkuu wa Jamhuri ya Makaburu. Nchi hiyo ilikuwa ya wakulima na wafugaji, haina viwanda, na hazina yake ilikuwa karibu tupu. Ili kuvutia mitaji, serikali iliamua kutoa ukiritimba: mwekezaji mmoja alipewa haki ya pekee ya kutengeneza bidhaa fulani.

Tumaini la taifa

Haki ya kutengeneza pombe kali kutokana na nafaka ilitolewa mwaka huo huo wa 1881 kwa Alois Hugo Nellmapius, mzaliwa wa Hungary. Mradi huo ulihitaji fedha nyingi, nazo zilitoka kwa Marks na jamaa zake wa ukoo wa Lewis, ambao muda si mrefu waliushika wenyewe.

Kiwanda kilijengwa katika shamba la Hatherley, mashariki ya Pretoria, kikaitwa Eerste Fabrieken, yaani viwanda vya kwanza. Kruger mwenyewe alikizindua mwaka 1883 na kukipa jina lenye maana ya tumaini la taifa. Wakulima walipata soko la nafaka zao, na kiwanda cha chupa za kioo kikafuata mahali hapo hapo.

Hata hivyo, idadi ya wateja ilikuwa ndogo. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1886, dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand na jiji la Johannesburg likachipuka. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliingia migodini, wengi wao wakitoka kusini mwa Msumbiji. Mwaka 1892 kiwanda kilifanywa kuwa kampuni ya hisa.

Wiski ya mahindi ya Kentucky, Marekani, huachwa miaka kadhaa katika mapipa ya mwaloni kabla ya kunywewa. Pombe ya wachimbaji haikupewa nafasi hiyo. Ilitoka haraka, ikauzwa kwa bei ya chini, na baadhi ya wauza baa waliichanganya na maji, pilipili na hata tindikali ili iwashe zaidi.

Gharama ya ulevi

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikubaliana mjini Brussels kuzuia biashara ya pombe kali barani Afrika. Mkataba huo uliihusu Afrika Mashariki, lakini mpaka wake wa kusini ulikuwa latitudo ya 22. Transvaal ilikuwa nje ya mpaka huo, na pombe rahisi ya Ujerumani ikapitia bandari ya Lourenço Marques, Maputo ya leo, kushindana na ile ya Hatherley.

Mwanzoni wenye migodi hawakuona ubaya. Mchimbaji aliyemaliza mshahara wake baa alilazimika kubaki kazini muda mrefu zaidi. Lakini kufikia mwaka 1895 ilikadiriwa kuwa kati ya asilimia 15 na 25 ya wafanyakazi Waafrika hawakuweza kufanya kazi kila siku kwa sababu ya ulevi, na matajiri wa dhahabu wakaigeukia biashara hiyo.

Sheria ya mwaka 1896, iliyoanza kutumika Januari 1897, ilipiga marufuku kabisa kuwauzia Waafrika pombe kali. Katika kipindi hicho hicho wenye migodi walipunguza mishahara ya Waafrika. Pombe iliendelea kuuzwa kwa magendo.

Marks hakuyumba, kwa kuwa hakutegemea pombe pekee. Alikuwa na migodi ya makaa ya mawe ukingoni mwa mto Vaal, ambako mji wa Vereeniging ulianzishwa mwaka 1892. Ukaribu wake na Kruger ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1898 aliruhusiwa kuitumia mitambo ya serikali kujichapia sarafu ndogo 215 za dhahabu, akazigawa kama zawadi.

Waingereza waliiteka Pretoria mwaka 1900, na chini ya utawala wao utengenezaji wa pombe Hatherley ulikoma. Marks, aliyeaminiwa na pande zote mbili, alisaidia kuwashawishi viongozi wa Makaburu wakubali amani, iliyotiwa saini Mei 1902. Mwaka 1910 aliteuliwa kuwa seneta katika bunge la kwanza la Muungano wa Afrika Kusini, kisha akageukia uzalishaji wa chuma. Alifariki dunia mjini Johannesburg Februari 1920, akazikwa Pretoria.

Alichokiacha

Jumba lake la Zwartkoppies, lenye vyumba 48, ni makumbusho. Sanamu ya Kruger, aliyoigharimia, imesimama katikati ya Pretoria tangu mwaka 1954.

Urithi mwingine ni mzito zaidi. Marufuku iliyozaliwa na biashara ile ilidumu kwa sura mbalimbali hadi mwaka 1962, Waafrika waliporuhusiwa kununua pombe ya viwandani. Katika miaka yote hiyo watu walikunywa kwa kificho katika vilabu vya uchochoroni, huku polisi wakivamia na wanawake waliopika pombe wakifungwa jela. Wakazi wa Afrika Mashariki walioishi na misako ya gongo au chang'aa wanaifahamu hali hiyo.

Na jina halikufutika. Katika kitongoji cha Mamelodi, mashariki ya Pretoria, kituo cha reli ambako vibarua hupanda treni kwenda kazini kinaitwa Eerste Fabrieken.